Kisanduku Kisicho na Maneno

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nimevuka miaka arobaini na tano, na ninasoma katuni. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke tuendelee. Ofisini walimu wenzangu wameshazoea kunikuta saa ya chai nimeinamia kijitabu cha picha huku madaftari ya kidato cha pili yakinisubiri, na mara moja moja mmoja wao huniuliza kama nimekosa kitabu cha watu wazima. Huwa nakasirika. Nimejaribu kutokasirika, nimeshindwa.

Ninayempenda ni mwandishi mmoja tu. Simjui kwa sura. Ndani ya jalada kuna majina mawili, la anayechora na la anayeandika, na mimi hulitafuta hilo la pili kwanza. Vijitabu vyake humfikia muuza magazeti mmoja karibu na Soko Kuu, vikiwa vimechelewa, vingine vimeshapitia mikono ya watu, na muuzaji huyo huniwekea chini ya meza kwa sababu anajua nitamsumbua. Hadithi zote zinamhusu bibi mmoja mjane wa kijijini, mkali, mwenye ulimi, ambaye hakuna jambo kubwa linalompata. Anagombana na jirani juu ya mbuzi. Anakwenda wilayani kufuata cheti, anaambiwa arudi kesho. Mwanawe anamletea simu, naye anaifungia kabatini ili isichakae. Ni hayo tu, na nimeyasoma mpaka pini za katikati zimeachia.

Kinachonivuta ni jinsi watu wake wanavyozungumza. Hakuna anayesema lililo moyoni. Bibi akimkumbuka marehemu mumewe, atalalamikia mlango unaolia, kwa sababu yule mzee ndiye aliyekuwa akiutia mafuta. Jirani akitaka kuomba radhi, ataleta mboga na kusema zimezidi shambani. Nilipoanza kumsoma nilishtuka, maana hivyo ndivyo tunavyoongea kwetu, na sikuwa nimewahi kukuta mtu amekaa chini akayaandika. Halafu ana huruma hata kwa watu wabaya. Yule karani wa cheti, ambaye mimi ningemchapa makofi, ukurasa wa pili tunamwona nyuma ya ofisi akila muhogo mkavu peke yake, viatu amevivua ili soli zisiishe.

Na anajua kunyamaza. Katika toleo moja bibi anamsubiri mwanawe siku ya Krismasi. Ni visanduku vinne: anapika wali, anapakua sahani mbili, anakaa akiangalia barabara, anakula ya kwake kisha anaivuta na ile nyingine. Hakuna neno hata moja. Nilimwonyesha mwalimu wa Kiingereza ukurasa huo nikitegemea atatulia. Akaniuliza, "Sasa hapa mwandishi kafanya kazi gani? Si mchoraji ndiye kafanya yote?" Nilimjibu kwa hasira zaidi kuliko ilivyostahili. Nilimwambia lazima yupo mtu aliyeamua kwamba hapa pasisemwe kitu, na kuamua hivyo wakati kazi yako ni maneno si jambo dogo. Akanywa chai yake. Nadhani hakuelewa, ila kusema kweli na mimi nilikuwa sijaelewa vizuri.

Mama yangu hakuzipenda katuni. Aliishi kijijini, upande wa Madaba, kwenye nyumba aliyojenga na baba, na kila nilipokwenda likizo alinikuta barazani na kijitabu mkononi. "Mwalimu mzima," angesema, "unaangalia picha kama unachagua kitenge." Halafu ananipa jembe. Nami nilikuwa nalima nimenuna, mtu mzima mwenye ajira yake, kwa sababu mbele ya mama yangu sikuwahi kuvuka miaka kumi na miwili.

Mwaka jana, mwezi wa nane, alianguka uani kwake. Kiharusi. Alilazwa hospitali ya Peramiho wiki mbili, akatoka akiwa hai, namshukuru Mungu, lakini mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea na maneno yamekwama. Daktari alitueleza kwamba anasikia na anaelewa kila kitu, ila kuyatoa maneno ndiko kunakomshinda. Tukamleta kwangu, Ruhuwiko, hapa Songea. Mama aliyekuwa na jibu la kila mtu sasa alibaki na sauti moja tu, "ee", ya ndiyo, ya hapana, na ya niacheni. Nilimwekea kalamu kwenye mkono wa kushoto, akachora mistari isiyosomeka, akaitupa. Siku hiyo nilikwenda kulia bafuni nikiwa nimefungulia bomba ili asinisikie.

Mchana, nikishamlisha, nilikuwa nakaa pembeni ya kitanda chake nikisoma vijitabu vyangu, ili nami nipumue kidogo. Siku moja akanyoosha mkono wa kushoto akakivuta nilichoshika. Nilidhani anataka kukitupa kama kalamu. Kumbe anaangalia. Aliangalia kila kisanduku taratibu, kama anayetafuta mawe kwenye mchele, na alipofika kwa yule jirani aliyeleta mboga, mdomo wake ulikwenda upande. Alikuwa anacheka. Tangu hapo tukawa tunasoma pamoja, mimi nikimsomea maneno, yeye akinizuia ukurasa kwa kiganja mpaka amalize kuangalia. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha ya namna ile na mama yangu. Inaniuma kwamba ilibidi kwanza augue.

Mwanzoni mwa Novemba tulisoma toleo ambalo bibi anachukuliwa na mwanawe kwenda kuishi mjini. Anapewa godoro zuri, chai ya maziwa, runinga. Anakonda. Mwishowe anarudishwa kijijini, na kisanduku cha mwisho, kinachojaza ukurasa mzima, kinamwonyesha ameketi jikoni kwake mbele ya mafiga, moto unawaka. Hakuna maneno. Mama alikigonga kwa kidole. Nikasema, "Ni kizuri, sivyo?" Akagonga tena, kwa nguvu, akanikazia macho. Kesho yake alikitafuta mwenyewe kijitabu kile kati ya vingine, akafungua ukurasa ule ule, akagonga.

Nani asingeelewa? Nilimpigia simu kaka yangu, mwenye duka la vipuri pale mjini, nikamwambia mama anaomba kurudi kwake.

"Amesemaje?" akauliza.

"Ameonyesha kwenye katuni."

"Mdogo wangu, nisikilize. Mama hawezi hata kujigeuza kitandani. Kule nani atamgeuza? Unataka tumrudishe kwa sababu ya katuni?"

"Kaka, mwandishi huyu namjua. Najua ukurasa ule unasema nini."

"Mwandishi unamjua, sawa. Mama je?"

Nilikata simu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia. Siku tatu hatukusalimiana. Alikuwa akija kumwona mama nikiwa kazini, anaacha machungwa mezani, anaondoka. Mwishoni tulikubaliana nitangulie nikaone kama nyumba inakalika, ndipo tuamue. Kwa upande wangu nilikuwa nimeshaamua.

Jumamosi nikapanda basi la kwenda Njombe, nikashuka kijijini kwetu. Nyumba ilikuwa imefungwa nilivyoiacha, lakini kwenye kijumba cha jiko kule nyuma moshi ulikuwa unatoka. Nilimkuta jirani wa mama, mzee mwenzake, akisogeza kuni mbichi motoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Nilimwambia anaendelea vizuri, kisha nikamuuliza anapika nini. Akanyoosha mdomo kuelekea juu. Kwenye fito juu ya mafiga, mahindi yalikuwa yamening'inia kwa maganda yake, meusi kwa masizi.

"Naitia moshi mbegu yake," akasema. "Tangu mmemchukua nakuja kila siku, wadudu wa dumuzi wasije wakaimaliza. Lakini mvua hiyo inakaribia. Mpelekee. Na usiipukuchue wewe. Mwenzangu mbegu yake huipukuchua mwenyewe, hata marehemu baba yako hakuigusa. Mwenzangu naye aliikuta kwa mama yake. Alikabidhiwa mwaka ule mama yake alioacha kulima."

Kijitabu kilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikakifungua palepale, kwenye mwanga wa mlango. Juu ya kichwa cha yule bibi, kwenye giza la paa, mchoraji ameweka mahindi yanayoning'inia. Ukurasa ule nimeusoma mara ngapi sijui, na mara zote macho yangu yalikuwa usoni kwa bibi, nikitafuta upweke, nikitafuta maana. Mama alikuwa anagonga juu kabisa ya picha. Kidole chake nilikiona na sikukifuata. Nilicheka mwenyewe kwa aibu, na yule jirani akaniuliza kama niko salama.

Hata hivyo sikuona kwamba nimekosea sana. Anayeulizia mbegu anataka kupanda, na anayetaka kupanda anataka shamba lake. Ndivyo nilivyopiga hesabu zangu. Nilirudi Songea na kiroba cha mahindi yanayonuka moshi, na hoja ya kumshinda kaka.

Kesho yake, Jumapili, kaka alikuja baada ya ibada. Tulimkalisha mama kwenye mkeka sebuleni, mgongo ukutani, nikatandika kanga mbele yake na kumwaga mahindi. Akachukua moja, akalinusa, akafumba macho. Nilimtazama kaka kwa jicho la ushindi.

"Mama," nikasema, "ndiyo haya uliyokuwa unaulizia? Tukupeleke ukapande?"

Alilibana hindi katikati ya magoti akaanza kupukuchua kwa kidole gumba cha kushoto. Alianza na ncha, halafu kitako, kama alivyofanya miaka yote. Punje za ncha na za kitako ni ndogo, zimekaa vibaya, hizo ni za kula. Za katikati, pana, zilizojaa, ndizo mbegu. Kaka akainama kumsaidia, akapigwa kofi mkononi. Akarudi nyuma anacheka, na mimi nikacheka, na ugomvi wetu ukaishia hapo bila mtu kuomba radhi. Tukakaa tukimwangalia. Ilimchukua mchana mzima, jasho likimtiririka, mpaka yakawa malundo mawili juu ya kanga.

Alipomaliza hindi la mwisho alipumzika kidogo. Kisha akaweka kiganja nyuma ya lundo la mbegu, akalisukuma lote kuja kwangu, hadi likagusa magoti yangu. Nilisikia kaka akivuta pumzi. Mimi sikutaka kuelewa, nikajifanya mjinga kama mtoto.

"Na za kwako, mama?" nikamuuliza.

Akalivuta upande wake lile lundo la kula.