Ndizi za Shamba la Mtoto Aliyetolewa

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mwalimu wa historia katika shule moja ya upili karibu na Mwatate. Kwetu ni Mghange, huko milimani. Ukurasa huu huwa nausoma nikiwahukumu wengine kimoyomoyo. Leo nihukumiwe mimi, mradi admin usitoe jina langu.

Nina mwenzangu kazini, nimwite Zainabu, kwao ni Mata, upande wa Taveta. Mwaka jana alinialika nyumbani nikale nao Idi. Bibi yake, aliyevuka miaka themanini, aliposikia natoka Mghange aliacha kula akaniuliza ukoo wetu. Kisha akaniuliza kama tuna shamba chini ya jiwe kubwa, kando ya mfereji, liitwalo Kwa Mwakio (jina nimebadilisha). Nikamjibu tunalo, huku nikijiuliza kalijulia wapi, maana hajawahi kufika milimani kwetu.

Akanieleza taratibu. Wakati wa njaa kubwa ya zamani, Mwakio na mkewe walikwenda kutafuta chakula, wakamwacha binti yao kwa jirani. Jirani huyo ni babu yake babu yangu. Msafara wa wafanyabiashara ulipopita ukielekea Taveta, alimtoa yule mtoto akapewa vikapu viwili vya mtama. Wazazi hawakurudi, na shamba lao likawa letu. Mtoto aliugua njiani, akaachwa Taveta, akalelewa huko, akasilimu, akazaa. Bibi wa Zainabu ni mjukuu wake. Alilala naye kitanda kimoja akiwa mdogo, na kisa hiki alikisikia kwa mdomo wa aliyeuzwa.

Nilirudi nyumbani nikamuuliza baba. Nilitarajia ashangae. Yeye aliuliza tu, "Nani amekwambia?" Nikajua anajua. Miaka yote hiyo tumepalilia pale, tumevuna, na hakuna aliyeniambia kwa nini shamba letu lina jina la mtu asiye wa kwetu. Na mimi msomi, niliyewahi kuandika kurasa na kurasa kuhusu biashara ya utumwa na nani anapaswa kuomba radhi, sikuwahi kuuliza.

Basi nikafanya kosa ambalo hadi leo likinijia nafumba macho. Nilikata mkungu wa ndizi Kwa Mwakio nikaupeleka Mata. Niliona ni jambo zuri, angalau bibi ale kitu cha ardhi ya kwao. Nilimwamkia, nikauweka mbele yake, nikamwambia ulikotoka. Aliutazama, akasema, "Babu yenu alitoa mtoto akapata chakula. Na wewe, mjukuu wangu, umeleta chakula upate nini?" Hakupaza sauti. Zainabu aliubeba ule mkungu akaurudisha kwenye gari bila kunitazama.

Siku hiyo ndipo nilipomuuliza bibi anataka nini hasa. Hataki shamba. Anataka aje aketi nyumbani kwetu, mwenye nyumba atamke kwamba mtoto aliachwa mikononi mwetu nasi tukamtoa. Kisha yeye achukue maji mdomoni ayateme chini, kama Wadawida, watu wa milima yetu, walivyofanya zamani kutoa hasira moyoni, jambo tunaloliita kutasa. Nyanya yake, yule mtoto aliyetolewa, ndiye aliyemfundisha, na aliaga dunia bila kupata wa kumtamkia. "Hii hasira nimerithi," aliniambia, "na Zainabu simrithishi. Lakini siwezi kutema kitu ambacho wenyewe mnasema hakipo."

Baba hataki kusikia. Ni mzee wa kanisa, anasema kutasa ni mambo ya giza. Anasema yeye hakumuuza mtu na hawezi kutubu dhambi ya maiti. Kinachonichoma ni kwamba baba huyuhuyu ni mwenyekiti wa kamati inayodai ardhi iliyochukuliwa na wazungu wa mkonge. Nimemsikia kwa masikio yangu akiuambia umati kwamba mjukuu anayekalia cha wizi anajibu kama aliyeiba. Nikamuuliza, kwa adabu, huyo mjukuu wa mzungu alizaliwa lini. Akasema, "Usinilinganishe na mzungu. Na ukimleta huyo mama hapa, utafute baba mwingine."

Mama naye ananicheka kwa uchungu. "Shamba hilo ndilo lililokusomesha," anasema. "Ukisema ni la watu, basi na hiyo digrii yako ni ya watu. Ipeleke Mata." Na ni kweli.

Nimechoka. Nakasirika na baba, halafu najikasirikia mwenyewe. Kuna wakati najiuliza kama namhurumia bibi kweli ama nataka tu kuonekana mwema, niondoke na moyo mwepesi kama nilivyotaka kwa zile ndizi. Darasani nikifika mada ya misafara, naisoma kitabuni haraka haraka nageuza ukurasa.

Jumamosi hii baba anakwenda Voi kwa mkutano wa ardhi, atashinda huko. Bibi miguu imeisha nguvu, na Zainabu anasema safari ya mlimani ni sasa ama basi. Gari wamepata. Naweza kuwafungulia na kutamka mimi. Lakini mwenye nyumba si mimi, na sijui kama neno la binti anayetamka kwa kumficha baba yake lina uzito wowote, ama nitakuwa nimempa yule bibi ndizi kwa mara ya pili. Nikingoja baba alainike, huenda bibi akatangulia.

Jana Zainabu aliniletea swali moja kutoka kwa bibi: siku hiyo, nani atasema? Anataka jibu kufikia Ijumaa. Nyinyi mnaosoma hapa, hasa mliozaliwa katika nyumba zenye mambo yasiyosemwa, nisaidieni. Nimjibu nini?