Maziwa Niliyoyarudisha Buna

Shule niliacha mapema, mbuzi walinihitaji. Lakini ile ndege ya viti vinne ni yangu, nimeinunua kwa ngamia, na leseni ya kuirusha nimeipata ukubwani. Kanuni za hatari nilizihifadhi kama tulivyohifadhi Kurani utotoni chuoni, duksi: kwa sauti, mwili ukiyumba.

Tulikuwa Buna, mimi na dada yangu mkubwa, kwa arusi ya jamaa. Nilitaka kurudi Garissa alfajiri, hewa ikiwa bado baridi. Nani atakuachia uondoke? Chai, nyama, dua, chai tena. Jua likafika utosini. Kisha baba wa bibi arusi akaleta mitungi ya maziwa ya ngamia na kondoo mzima, amefungwa miguu.

"Mzigo mwingi huo," nikasema.

"Mzigo? Hii ni heshima! Au tangu upate ndege maziwa yetu yananuka?"

Watu wakacheka. Nikapakia. Kwetu hukatai maziwa mbele za watu.

Hewa ya joto haibebi ndege vizuri, hilo nalijua. Tulikimbia kiwanja chote ndipo magurudumu yakaachia mchanga. Tukapaa kidogo, basi. Mbele miti ya miiba, nyuma yake kilima. Nikavuta usukani. Pua ikainuka, mshale wa mwendo ukaanguka, king'ora kikaanza kulia. Kikilia kile, ndege imebakisha kidogo iporomoke kama jiwe.

Mikono inataka kuvuta zaidi, na kanuni inasema kinyume: shusha pua, tafuta mwendo kwanza. Nishushe, na miiba iko hapo chini!

Nikashusha.

"Walaal, ndugu yangu, unashuka!" dada akapiga kelele. "Panda! Panda!"

"Nyamaza!"

"Utatuua kwa ukaidi wako!"

"Basi soma shahada, lakini usinishike mkono!"

Akasoma. Mimi niliona viota vya ndege kwenye matawi, niliona mpaka makinda. King'ora kikanyamaza. Mshale ukapanda polepole, nasi tukapanda nao. Nikaigeuza taratibu upande usio na kilima, maana kona kali nayo huua.

Injini ilikuwa imechemka, mshale wake uko kwenye nyekundu. Nikasema tunarudi.

"Uwarudishie maziwa yao?" dada akauliza, machozi hayajakauka. "Aibu hiyo utaiweka wapi?"

"Nitaiweka chini. Chini ndiko kuna nafasi."

Tulipotua, wale watu walikuwa bado kiwanjani. Yule baba akaja akicheka. "Umesahau nini?"

Nikamsukumia mtungi wa kwanza mlangoni, nimekaa. Cheko likamwisha. Alipokea mitungi yote, na kondoo.

Kesho yake alfajiri tuliondoka wepesi, mimi na dada tu. Mpaka leo yule bwana hajanipigia simu. Asipige.