Waya wa plagi haujichomoi wenyewe

Leo kijiweni kwetu hapa Songea nimefanyiwa kitu, na sinyamazi.

Nimepata abiria, mama anayempelekea mgonjwa uji Peramiho. Napiga kiki, pikipiki kimya. Napiga tena, kimya.

Bodaboda wenzangu wanacheka. Dereva mwanamke pale ni mimi peke yangu.

Mmoja akamwambia, "Mama, njoo kwangu. Huyo dada kazi imemshinda."

Nikainama. Mafuta yapo. Kucheki plagi, waya umechomolewa, unaning'inia tu.

Nikauchomeka. Kiki moja, ikawaka.

Nikauliza, "Nani kauchomoa?" Wote wakainamia simu zao.

Mama akapanda. "Twende mwanangu, uji unapoa."

Kesho naegesha palepale, katikati yao. Wewe ungehama?