Uchungu Ulianza Lini?

Sogea karibu, wewe unayesubiri mtoto wa kwanza, na mama mkwe wako naye asogee, maana haya yanamhusu. Nitaeleza polepole. Ukifika hospitali utaulizwa swali moja fupi sana, na mimi nusura nipasuliwe kwa sababu ya jibu lake.

Nilikuwa nimeolewa kijijini Maretadu, hata mwaka haujaisha. Siku moja tulikuwa tunapura maharage uani, mimi na mama mkwe, nikasimama nikashika kiuno. Aliniona. Nikaendelea na kazi, jioni nikapika, nikalala. Siku ya tatu asubuhi tumbo lilinikaza nikiwa jikoni. Kabla halijaachia, yeye alikuwa ameshafunga khanga kwenye kapu, na chupa ya chai, na unga wa uji.

"Twende," alisema. "Gari halimsubiri mtoto."

Ni kweli. Kwetu gari la kwenda mjini hupita asubuhi, na ukilikosa basi mpaka kesho.

Hospitalini tulipokewa na daktari kijana, mwenye adabu. Alianza na mkubwa, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Uchungu ulianza lini?"

Alikuwa ananitazama mimi, lakini salamu ilikuwa imeshampa mama mkwe nafasi ya kuzungumza.

"Juzi," alijibu. "Tukiwa kwenye maharage."

Mama wa mume akiongea na mgeni, mke wa mwanawe haingilii. Nilitazama raba zangu. Nesi aliyekuwa amenipima alisema njia ndiyo kwanza imeanza kufunguka. Daktari alikunja uso.

"Tangu juzi, na bado tuko hapa? Uzazi wa kwanza, na mwenyewe mfupi. Naona uchungu huu umekwama. Tujiandae kwa upasuaji."

Mama mkwe akasema "Haya," lakini alikumbatia kapu kama mtu aliyesikia baridi.

Sikuogopa kisu peke yake. Jirani yetu alipasuliwa kwa mtoto wa kwanza, na ilikuwa lazima: damu ilikuwa inamtoka na mtoto amechoka. Operesheni iliwaokoa wote wawili, na hakuna anayeisema vibaya pale kwake. Ila tangu hapo, kila akishika mimba inabidi ahamie mjini mapema, akae karibu na chumba cha upasuaji, kovu lisije likaachia akiwa mbali, huku ng'ombe na watoto wakibaki na yeyote atakayepatikana. Yeye kovu lake lilikuwa na sababu. Langu lingekuwa na sababu gani? Neno "juzi" tu.

Daktari alipotoka kuita wenzake, nesi alimgeukia mama mkwe. Nesi huyo alikuwa mama mtu mzima, mcheshi.

"Mama, samahani, hapa mwenye tumbo ni nani?"

"Si huyu."

"Basi niazime mdomo wake kidogo."

Mama mkwe alicheka. "Chukua! Ila haongei huyo. Tangu aingie kwangu nasikia 'ndiyo mama' tu."

Nesi akaniuliza, "Usiku wa juzi ulilala?"

"Nililala."

"Na jana ulifanya nini?"

"Nilichota maji. Nikamalizia maharage."

"Maumivu yalikuwa yanakuja na kuondoka, yanarudi tena?"

"Hapana. Yalikuwa ya mgongo tu, nikikaa yanaisha. Haya ya kurudi rudi yameanza leo, tukiwa kwenye gari."

"Mwambie daktari hivyo hivyo," alisema. "Wewe mwenyewe."

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Daktari aliporudi, mama mkwe alikuwa amesimama kando yangu, na kuusema ukweli kulikuwa sawa na kumkanusha mbele ya watu. Nilianza hivi: "Mama hajakosea. Juzi aliniona nimeshika kiuno." Kisha nikaeleza yote mengine.

"Kumbe!" mama mkwe alisema. "Sasa kwenye maharage ulikuwa unashika nini?"

"Mama, maharage yenyewe yalikuwa mengi."

Nesi aliangua kicheko, na daktari pia. Kisha akaacha kucheka, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa utulivu, akanipima presha, akauliza kuhusu damu na maji.

"Mko salama wote wawili," alisema. "Basi huu bado mchanga, haujakwama. Tutasubiri na kupima tena. Mtoto akionyesha shida, tutapasua bila kubishana. Tumeelewana mama?"

"Tumeelewana," alijibu mama mkwe.

Nilitembea na nesi chini ya mikaratusi ya pale uani, na ndipo aliponifafanulia. Mwili wa anayezaa mara ya kwanza hujiandaa siku kadhaa kabla. Mgongo huuma, tumbo hukaza na kuachia, halafu kimya. Hayo ni maandalizi. Uchungu wenyewe huja kwa mpangilio, kila mara mkali zaidi, na haukomi ukilala wala ukitembea. Hata huo, mwanzoni huenda taratibu kwa mtoto wa kwanza. Anayehesabu maandalizi pamoja na uchungu ataona mama amechelewa, kumbe ndiyo kwanza anaanza.

Nilikunywa uji. Mama mkwe alinisugua mgongo, mkono wake mzito na wa moto, bila kusema neno kuhusu maharage. Daktari alikuja kupima, akaondoka, akaja tena. Alasiri nilijifungua mtoto wa kike kwa njia ya kawaida, na mama mkwe ndiye aliyempokea kwenye khanga.

"Huyu," alimwambia nesi, "ataongea mapema."

Kwa hiyo, ukiona damu, au maji yakitoka, au mtoto akipunguza kucheza, usihesabu chochote, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na ukifika, wakikuuliza uchungu ulianza lini, jibu mwenyewe: taja saa ambayo maumivu yalianza kuja kwa mpangilio, useme na kama usiku uliotangulia ulilala.