Stesheni Isiyotaka Kiyoyozi

Evarista alikuwa msanifu majengo, na mdomo wake haukuwa na breki. Alipoonyeshwa michoro ya kwanza ya stesheni mpya ya treni za mjini Dodoma, sanduku la vioo toka chini hadi juu, aliuliza kikaoni kama abiria watapandishwa treni wakiwa wabichi au wameshakaangwa. Wenzake walicheka. Mhandisi Castory, mwenyekiti wa mradi, hakucheka, maana sanduku lile alilichagua yeye.

"Basi lete lako," akamwambia.

Akalileta. Alizaliwa Mlali, katika tembe, nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa bapa, na alikumbuka jinsi jua la Oktoba lilivyokuwa likiishia mlangoni. Baada ya chuo alikaa miaka kadhaa Dar es Salaam akichora maghorofa ya vioo kama watu wote, na kuumwa mafua ya viyoyozi kama watu wote. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Akachora ukumbi wa abiria wenye kuta nene za matofali ya udongo ulioshindiliwa, paa pana la kumwaga kivuli, na tangi la kukinga mvua chini ya jukwaa, kwa kuwa Dodoma mvua ni mgeni asiyekaa. Kiyoyozi hakikuwamo hata kimoja.

Castory alikubali kijengwe chumba kimoja cha majaribio kule Kizota. Kikipoa, stesheni nzima itajengwa hivyo. Kisipopoa, vioo.

Siku ya ukaguzi, mchana wa jua kali, wakaguzi waliingia na kutoka mbio. Ndani kulikuwa na joto kuliko nje.

"Dada, hapa tuoke mikate," alisema Castory akijifuta jasho. Akampa wiki moja, kwa huruma zaidi kuliko imani. Evarista alijifungia ndani ya gari akalia, tena kwa sauti.

Alipokwisha kulia alirudi kukizunguka chumba chake, akamkuta Mzee Matonya, mlinzi.

"Shikamoo, mzee. Haya madirisha huwa unayafanyaje?"

"Marahaba, mwanangu. Usiku nayafunga yote, tena kwa komeo. Asubuhi nayafungua, hewa iingie."

"Kila siku?"

"Sijakosa hata siku moja."

Evarista akashika kichwa. Chumba kile kilitakiwa kiachwe wazi usiku, kuta zinywe baridi, kisha kifungwe mchana ili joto libaki nje. Matonya alikuwa akiifungia baridi mlango na kulikaribisha jua. Lakini angemlaumu vipi? Nchi nzima hufunga usiku kwa ajili ya wezi na kufungua mchana kwa ajili ya hewa. Yeye ndiye aliyechora kinyume na mazoea ya watu, halafu asimwambie mtu.

"Mzee, tugeuze. Usiku wazi, mchana tunafunga."

"Na wezi?"

"Wezi niachie mimi."

Mafundi wa kuchomelea wa pale Kizota wakamtilia nondo kila dirisha. Tangu hapo usiku upepo ulipita ndani utakavyo. Mchana Matonya alifunga, huku akinung'unika kwamba watu watadhani pana msiba.

Wiki ilipokwisha, jua lilikuwa limezidi ukali. Castory aliingia wa kwanza, leso mkononi tayari. Akasimama. Akapapasa ukuta, akatazama dari, akainama kuchungulia chini ya benchi.

"Umekificha wapi?"

"Nini?"

"Kiyoyozi, dada. Usinichezee."

"Tafuta, mhandisi. Ukikiona, jenga vioo vyako."

Akatafuta kweli! Alizunguka hadi nyuma ya jengo, akarudi na vumbi viatuni, akaketi, akaikunja leso yake kavu na kuitia mfukoni. Wakaguzi nao wakaketi, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kutaka kutoka.

"Jengeni hivi," akasema Castory. "Stesheni yote."

Hapo Evarista, msanifu mwenye shahada mbili, alivua viatu mbele ya wakubwa akapiga kigelegele kilichofika hadi kwa wale mafundi wa kuchomelea, nao, bila kujua ni cha nini, wakakijibu kwa kugonga vyuma.