Kishikizo cha Dada Honi

Siku hizi madereva wana simu mbili mbili na bado hawapatikani. Sisi tulikuwa na redio moja ya mawasiliano, chaneli moja na magari matatu ya wagonjwa, na kila mtu alijulikana yuko wapi. Najua wataniita mzee wa enzi hizo. Waniite. Nilikaa miaka ishirini na mbili kwenye chumba cha redio cha hospitali, chumba chenye dirisha moja na kiti kilichoegemezwa tofali, na sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya dereva wa gari la kwanza.

Tulimwita Dada Honi. Alimpigia honi kila kiumbe: kuku, mbuzi, mwendesha baiskeli, hata gogo lililolala zake kando ya barabara. Alikuwa mwanamke pekee kati ya madereva. Ufunguo wa gari lile aliuhangaikia miaka sita, akifua mashuka ya wodi na kujifunza kuendesha siku zake za mapumziko. Ukiugusa ufunguo ule, umemgusa yeye.

Shida ilikuwa maiki. Kwa asiyezijua redio zile, maiki ilichomekwa kwenye kishikizo cha dashibodi, ina waya wa kujikunja, na ubavuni ina kitufe. Ukikibonyeza unasema, ukikiachia unasikiliza, na ukikibonyeza umewafungia chaneli wengine wote. Kishikizo cha gari la kwanza kilikuwa kimelika, na barabara zetu zilikuwa na mashimo ya kufugia samaki. Gari likiruka, maiki nayo inaruka.

Siku moja iliruka ikatua kati ya kiti na handibreki, kitufe kikabanwa. Dada Honi hakujua. Aliendelea na soga zake na muuguzi aliyekaa naye mbele, vituo vyote vyenye redio, hospitali na zahanati, vinamsikia. Alikuwa anamchambua mkuu wetu wa usafiri, ambaye tulimwita Bwana Utaratibu kwa kuwa kila jambo alilijibu "kuna utaratibu wake."

"Yule baba," alisema Dada Honi, "anatembea kama amebeba trei ya mayai na hajui ataiweka wapi."

Bwana Utaratibu alikuwa amesimama nyuma yangu, kikombe cha chai mkononi.

Ningecheka mpaka leo, kama si kwamba kwa dakika ishirini chaneli ilipofungwa zahanati moja ilikuwa inatuita na haisikiki. Mama mjamzito, damu haikatiki. Walimleta kwa gari la kubebea matofali. Alipona, na mtoto akapona, lakini ni kwa majaliwa tu. Dada Honi alipopata habari alikaa kwenye ngazi za karakana akalia, wala hakuficha uso.

Bwana Utaratibu hakuyataja mayai. Kwa hilo nampa heshima yake. Alisema tu, "Kishikizo kipya tumeagiza tangu mwaka juzi, hakijaja. Maiki ikidondoka tena, mara moja tu, ufunguo utarudi mezani kwangu."

"Na nikikitengeneza mwenyewe, mzee?"

"Kuna utaratibu wa..." Akapunga mkono. "Haya, tengeneza."

Kwanza Dada Honi alifunga kipande cha mpira wa tairi. Jua la mchana likaulegeza. Kisha akatoa sumaku kwenye spika iliyokufa. Karakanani ilishika mpaka tukampigia makofi, lakini kwenye shimo la kwanza maiki ikateleza, akaidaka kwa goti. Goti lile ndilo lililouokoa ufunguo siku hiyo. Akaniita hewani, sauti imepoa: "Mdogo wangu, ukimaliza zamu pitia karakana. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Nilimkuta amekishika kishikizo cha zamani, anakigeuzageuza.

"Wote tunatafuta kitu kinachobana zaidi," alisema. "Kumbe kosa si kubana. Hebu tazama, mdomo wake umeangalia wapi?"

"Juu."

"Na shimo linarusha kitu wapi?"

Huko huko juu. Miaka yote tulikuwa tunamfungia mbuzi mlango wa nyuma, wa mbele tumeuacha wazi.

Alichukua waipa ya kioo iliyochakaa, akachomoa tepe mbili za chuma zilizomo kwenye mpira wake. Chuma kile ukikipinda kinarudi. Alikata, akazipinda kwa koleo, akazifunga zikitazamana kama midomo, na ndani akagandisha vipande vya ndala. Ndala yenyewe ilikuwa ya mumewe, ambaye wiki nzima aliuliza nani anaoga kwa mguu mmoja. Kifungo cha chuma kilichoko mgongoni mwa maiki kikaingia katikati: tak! Juu hakitoki, chini hakitoki. Ukikivuta kuja kwako, kinakuachia bila ugomvi.

Ikabaki kuamua pa kukifunga. Rula hakuigusa. Alikaa nyuma ya usukani, akafumba macho, akasema, "Mkono wangu ukitua, weka alama ya chaki."

Alinyoosha mkono mara kumi. Alama saba zilirundikana mahali pamoja, karibu na goti, ambapo hakuna mhandisi angefikiria kuweka kitu.

"Hapo hapo," alisema. "Macho yangu ni ya barabara. Mkono ujitafutie wenyewe."

Alikaa na ufunguo ule miaka kumi na mmoja zaidi. Maiki haikudondoka hata siku moja. Bwana Utaratibu mwenyewe aliomba magari mengine mawili yafungiwe kama lile, akamletea waipa mbovu kwenye mfuko wa karatasi, na ndala mpya kwa ajili ya mumewe.

Kisha ikaja asubuhi moja aliponiita, na honi sikuisikia.

"Kituo, nimesimama chini ya kilima. Sina mgonjwa. Nimemwona mtu wa baiskeli akiwa tayari mbele ya bampa. Nimemkosa kwa Mungu tu. Mwambie Bwana Utaratibu alete dereva."

"Dada, una nini?"

"Presha ya macho, mdogo wangu. Daktari aliniambia juzi, nikajifanya sikusikia. Mkono bado unaona. Mimi sioni."

Ufunguo aliukabidhi mwenyewe. Niliagana naye hewani nikaachia kitufe cha maiki, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka vituo vyote vijue.

Gari la kwanza lilipouzwa kama chuma chakavu, Bwana Utaratibu alikuwa amestaafu, anatembea kwa bakora. Alikwenda kwenye yadi na bisibisi yake, akakifungua kishikizo, akakipeleka kwa Dada Honi, ambaye wakati huo alikuwa haoni tena. Nilikuwepo. Mzee yule alipiga magoti kando ya kitanda, chaki mkononi.

"Nyoosha mkono, dada," alisema. "Mara kumi."

Sasa kishikizo kile kinashika simu yake ukutani, pale mkono wake ulipotua. Kwenye kasha la simu tulimgandishia kifungo cha maiki ya zamani. Nampigia kila siku saa mbili asubuhi, saa ile ile tuliyokuwa tunapima redio.

"Nakupata vizuri, mdogo wangu," ananiambia. Simu haijawahi kuita mara ya pili.