Buluu ya Nasike Ndani ya Akurum

Nasike na uchafu ni mbali mbali. Najua, maana tunafanya kazi pamoja hapa Lodwar, kwenye vidimbwi vya spirulina, ule mwani mdogo wa kijani, na nikiacha ndoo vibaya hunisuta mbele za watu.

Alitoka Lokiriama baada ya kiangazi kumaliza mbuzi wake wote. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kukoroga vidimbwi juani, huku akikitamani chumba cha kusafishia. Humo Akuch, binti wa Kakuma aliyeisomea kazi hiyo, hutoa rangi ya buluu kwenye mwani. Zamani tulitegemea mashine, na umeme wetu mnaujua. Sasa Akuch ana njia mpya: maji ya mwani anayachanganya na unga maalumu wa makaa unaonasa uchafu, anachuja, inabaki buluu tupu. Wenye viwanda vya peremende wanaitaka.

Mwezi uliopita Nasike aliingizwa chumbani kwa majaribio. Akiharibu, anarudi juani. Siku ya kwanza tu, Akuch akamkabidhi chupa za buluu ya kumwonyesha mnunuzi.

"Weka mahali safi, Mama Ekuru," akamwambia Nasike, akimwita kwa jina la mwanawe, akaenda zake.

Asubuhi chupa zilikuwa tupu. Buluu ilikuwa ndani ya akurum, kile chombo cha mti cha kuwekea maziwa. Ilikuwa imeingia ujivujivu na inanuka moshi.

"Mama Ekuru, umefanya nini?" Akuch akauliza.

"Nimeweka kwa chombo safi. Hizo chupa zinanuka dawa. Hii nimefukiza na kijiti ya moto, vile tunafanyia maziwa. Kwetu hakuna safi kushinda hii."

Ningekuwa mimi, ningefoka. Kusema kweli, mdomo nilishaufungua. Akuch akaninyamazisha kwa mkono.

"Na maziwa yake iko wapi?"

"Maziwa gani? Mbuzi si ziliisha? Lakini kila Jumamosi nafukiza. Ikikosa moshi itaharibika."

Kumbe muda wote huo alikuwa akifukiza chombo kitupu. Roho iliniuma.

Akuch akairudisha buluu kwenye unga wa makaa, wakachuja upya, Nasike ameshika chujio kwa mikono miwili. Ilirudi, pungufu, lakini buluu kweli. Mnunuzi alinung'unika kidogo, akaichukua.

Nasike akajifunga shuka, akashika njia ya vidimbwini.

"Unaenda wapi?" Akuch akamwita.

"Kwa jua."

"Rudi. Kesho nakufundisha chupa. Ila hiyo akurum isiingie hapa tena."

"Nipeleke wapi? Haina kazi."

Akuch akatoka. Alikwenda kwa kina mama wanaouza maziwa sokoni, akarudi na kidumu cha maziwa ya mbuzi, akakiweka mbele yake.

"Osha, halafu fukiza," akasema.

Nasike akaosha, akawasha kijiti, akakiingiza ndani ya akurum. Machozi yalimtoka waziwazi, wala hakusingizia moshi. Mara hii kulikuwa na kitu cha kutia.